Kiti cha miguu mitatu juu ya lava

Makochi ya sponji yanayouzwa kando ya barabara hapa Goma yanapendeza mwaka mmoja. Baadaye sponji linalala, na ukilifunua unakuta vibao vyembamba vilivyoshikwa kwa misumari miwili miwili. Kwa dola zile zile unapata mbao nzuri na zinabaki. Mimi nasema tujitengenezee.

Sakafu ya nyumba yetu ni mawe ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, yaliyopondwa na kushindiliwa, na hakuna mahali palipo sawa. Ukileta meza ya miguu minne, mguu mmoja unaelea, unaanza kutafuta kipande cha katoni cha kuuwekea chini. Kigoda cha miguu mitatu hakina shida hiyo: popote utakapokiweka, miguu yote inagusa. Nilianzia hapo.

Benchi yangu ya kwanza niliipiga kwa mbao mbichi za mkaratusi. Zilipokauka zilisinyaa, misumari ikalegea, benchi ikawa inayumba kushoto na kulia. Jirani yangu anayeunda chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, aliitazama akaniambia, "Kaka, umesahau mkono." Alichukua kibao kimoja akakipitisha mshazari, kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mguu wa pili, akapiga misumari. Kuyumba kukaisha pale pale. Mbao nne zilizofungwa mraba zinalala upande ukizisukuma. Zikifungwa pembetatu hazina pa kwenda. Itazame chukudu: mti, boliti, na mpira wa tairi kuukuu uliozungushwa kwenye magurudumu, na bado inashuka na magunia ya viazi. Kwa nini basi tunaona aibu kuweka kazi ya namna hiyo kwenye saloni ya nyumbani?

Mwaka 1974 Mwitaliano Enzo Mari alitoa bure michoro ya meza, viti na vitanda vya mbao za kawaida na misumari, ili kila mtu ajipigie mwenyewe. Alitaka mtu aelewe kitu anachokikalia. Nakubaliana naye kabisa. Anayejua mkono wa benchi uko wapi hadanganywi tena dukani.

Kwa wanaotumia mbao za paleti, vile vichanja vya kuwekea mizigo, tafadhali angalieni muhuri uliochomwa ubavuni. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo chukueni. Zenye MB zilitiwa dawa ya sumu ya kuua wadudu. Msiziingize ndani, wala msizichome jikoni. Na mkaratusi utobolewe kwanza kabla ya msumari, hasa karibu na ncha, la sivyo unapasuka.

Benchi ile tunaikalia hadi leo, watoto wanaandikia hapo kazi za shule. Mbao za meza ninayotaka kuipiga nimeziegemeza ukutani, nimeweka vijiti katikati ili hewa ipite. Safari hii nangoja zikauke.