Jumapili Moja, Tiketi Mbili: Kwa Nini Nilichagua Ferrara

Mimi ni mtu wa Malindi. Kiitaliano nilikisikia kabla sijajua Italia iko upande gani wa dunia, maana Malindi na Watamu Waitaliano wamejaa tele, na watoto wa ufuoni hukuambia "ciao" kama wanavyokuambia "mambo". Leo naishi Bologna. Namtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake, nalala hapo hapo. Mkataba wa kitaifa wa kazi yetu unatupa mapumziko ya saa 36 kwa wiki, 24 kati yake zikiwa za Jumapili. Binti yake hukaa naye siku hiyo hadi saa mbili usiku, basi nami saa mbili lazima niwe mlangoni.

Ndugu wakinipigia simu huuliza: "Uko Italia mwaka wa ngapi huu, na Venezia hujafika?" Sijafika, na sina haraka nayo. Mwenye siku moja hachagui mji kwa jina. Huchagua kwa treni ya kurudi.

Bologna ni njia panda ya reli, kwa hiyo miji haikosi. Firenze ni kama dakika 40 kwa treni ya kasi, ila nauli ya treni ya kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia, na ukiikosa ile uliyokatia tiketi ya bei rahisi, pesa zako zimekwenda. Venezia tangu 2024 hutoza ada wageni wa kwenda na kurudi katika siku maalumu. Mimi napenda treni za kanda, zile zinazosimama kila mahali. Nauli yake ni ile ile ukikata leo au ukikata mwezi mmoja kabla, na ukiikosa moja unangoja inayofuata. Ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Mimi sikuigonga safari yangu ya kwanza, nikatozwa faini mbele ya behewa zima, na ile fedheha nainusa hadi leo. Angalia pia habari za migomo. Treni za kanda huhakikishwa siku ya mgomo kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku, lakini hizo ni saa za siku za kazi. Jumapili ya mgomo, mimi hukaa nyumbani.

Ravenna nilikuwa nayo moyoni kwa muda mrefu. Ilikuwa makao makuu ya dola ya Kirumi ya Magharibi tangu 402, Dante amezikwa huko, na kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu 547, lina kuta zilizopambwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, mfalme Justinian upande mmoja na mkewe Theodora upande wa pili. Lakini ni zaidi ya saa moja kwenda, na majengo yaliyo katika orodha ya UNESCO ni manane. Siku yangu huanza baada ya kumpa bibi dawa na uji wake. Ningekimbia kutoka kanisa hadi kanisa, nirudi na picha za simu tu. Ravenna nimeiwekea siku ndefu.

Ferrara ni nusu saa hivi, na kutoka stesheni unafika mjini kwa miguu bila kuuliza basi. Nilikwenda mwezi wa kumi, ukungu mwembamba, baiskeli kila upande, wazee wa miaka 80 wakipiga pedeli kwa utulivu juu ya mawe ya mtoni yaliyotandazwa njiani. Katikati ya mji ipo ngome ya matofali mekundu, minara minne, na handaki lenye maji kuizunguka. Niliposoma sababu ya kujengwa kwake nilisimama. Mwaka 1385 watu wa Ferrara walichoka na kodi wakaasi, wakamuua ofisa aliyelaumiwa kwa kodi hizo, na mtawala wao wa ukoo wa Este akaamua kujijengea ngome. Fort Jesus ya Mombasa inatazama bahari, aliko adui wa Mreno. Hii ya Ferrara ilijengwa kumlinda mtawala dhidi ya raia wake mwenyewe. Na Fort Jesus nayo ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, ikaanza kujengwa 1593. Shuleni hatukuambiwa hilo, au mimi sikulisikia.

Kisha nikaingia Via delle Volte, na hapo nilikaa muda kuliko mahali pengine popote. Ni kichochoro chembamba, na juu yake matao yamepita kutoka nyumba hadi nyumba, yakibeba vyumba. Matao hayo yaliunganisha nyumba za wafanyabiashara na maghala yao, enzi tawi la mto Po lilipopita karibu. Nikasema peke yangu, kwa sauti: hii ni wikio, chumba cha kwetu kipitacho juu ya njia kuunganisha nyumba mbili! Mtu wa Lamu angeitambua mara moja. Kivuli kile kile, sauti ya nyayo ile ile, haja ile ile ya kwenda nyumba ya pili bila kukanyaga njia.

Kuna jambo jingine linalotufunga na mji huu. Mwaka 1502, miaka minne baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi, mtu aliyeitwa Alberto Cantino aliipata Lisbon ramani ya dunia iliyochorwa kwa siri za Wareno, akampelekea mtawala wa Ferrara, Ercole d'Este. Pwani yetu imo. Ukoo wa Este ulipoipoteza Ferrara kwa Papa mwaka 1598 ulihamia Modena, na ramani hiyo iko Modena hadi leo. Mji huo ndio zamu inayofuata.

Chakula cha mchana nilikula cappellacci, tambi zilizojazwa malenge. Muislamu aombe za siagi na majani ya salvia, kwa sababu mchuzi wa nyama mara nyingi una nguruwe.

Nilikula peke yangu, na hapo ndipo nilipoyakumbuka ya nyumbani. Kwetu hakuna asafiriye kwenda kutazama mawe. Tunasafiri kwa harusi, kwa msiba, kwa Maulidi ya Lamu, na tukifika tunapokelewa, tunanawishwa mikono, tunalishwa. Ferrara hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kwa hilo kwetu ni bora, na sitabadili maoni.

Lakini Gede, mji wetu wa kale uliobaki magofu, iko dakika chache tu kutoka Malindi kwa gari. Msikiti mkuu, jumba la mfalme, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na vipande vya kauri za China vilivyochimbuliwa chini ya mibuyu. Mwaka 2024 imeingia katika orodha ya UNESCO. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mimi nimeingia mara moja, na shule. Mama yangu hajaingia kamwe. Wapo wanaosema watu wa pwani hatuthamini historia yetu, na neno hilo linaniudhi sana. Bibi wa Ferrara anajua treni yake ya jioni inaondoka dakika ya ngapi. Mama yangu akitoka Gede kurudi Malindi atasimama barabarani, na matatu zitokazo Mombasa zitampita zikiwa zimejaa. Hata SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ilipoanza 2017 iliwashusha watu Miritini, nje ya mji, wakamalizia safari kwa gari jingine, ilhali stesheni ya zamani ilikuwa mjini Mombasa kabisa.

Nikirudi likizo mwezi wa nne nitampeleka. Nimeshamwambia kwenye simu: kiingilio nitalipa mimi, chakula tutabeba, mahamri na mbaazi. Alifurahi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kurudi, mwanangu, tutarudi na gari gani?"