Mizunguko 16 na zipu moja

Naandika hii nikiwa nimesimama maana kukaa siwezi, sababu ntawaambia, ila kubwa zaidi nimekwama ndani ya nguo. Zipu iko mgongoni. Aliyebuni hii nguo ya mashindano lazima alikuwa anaishi na ukoo mzima, mimi hapa niko peke yangu, mama watoto katoka, watoto wako shule, nimejisugua kwenye kitasa cha mlango kama ng'ombe mwenye kupe mpaka kitasa kimelegea, nguo iko pale pale.

Iko hivi wakuu. Zimebaki wiki 3 tufanye mashindano ya taifa ya baiskeli, zile za uwanjani sio za barabarani. Mimi mtu wa kawaida tu, nina kazi, nina kitambi cha wastani, ila kuna siku mazoezini niliwapita watu wawili (baadae nikaambiwa walishamaliza, walikuwa wanapooza miguu) basi kichwa kikavimba nikajaza fomu. Nimejiandikisha mbio za kufukuzana, kilometa 4, mnaanza wawili kila mtu upande wake wa uwanja halafu mnafukuzana, ukimshika mwenzio shughuli imeisha. Uwanja mita 250 kwa hiyo ni mizunguko 16. Mwanangu wa mwisho akaniuliza, baba, mkimaliza mnakuwa mmefika wapi? Nikamwambia pale pale tulipoanzia. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kumwambia mama yake.

Sasa hiyo baiskeli yenyewe. Haina breki. Hujasoma vibaya. Gia moja, na tairi la nyuma limefungwa na pedeli moja kwa moja, likizunguka na miguu inazunguka, habari ya kupumzisha miguu hakuna. Siku ya kwanza nilijisahau, nimemaliza raundi nikaacha kukanyaga kama mtu yeyote anayeendesha baiskeli tangu utotoni, aisee pedeli ilininyanyua kwenye siti, kidogo nitangulie mbele ya baiskeli yangu mwenyewe. Halafu kona zake zimelala kama paa, nyuzi 40 na kitu, na mtu mwenye akili timamu akiona ukuta ule unamjia anapunguza mwendo si ndio? Ukipunguza ndo unateleza mpaka chini. Yaani ukiogopa unatakiwa ukimbie zaidi, na kocha anakuelezea hayo ametulia kabisa, yeye amesimama chini na miguu yake miwili.

Kocha huyo huyo ndo kaniharibia siku jana. Kwenye kuanza kuna mashine inashika tairi la nyuma, inahesabu, ti, ti, ti, ikifika sifuri inakuachia. Mimi nikasikia ti ya mwisho kabla haijalia. Nimejirusha mbele na nguvu zangu zote, baiskeli haijaenda popote, imeshikwa, tumbo limetua kwenye hendo, nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. Kocha akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini, na mtu kapiga mlio mmoja tu, ukurasa mzima wa nini?

Tukarudia. Safari hii nikatoka vizuri, raundi ya kwanza nzito kama unasukuma lori, ya pili miguu ikachangamka, nikainama nikatulia juu ya ule mstari mweusi. Ule mstari ndo umepimwa hizo mita 250, ukiupanda juu unaongeza safari bure, ukishuka chini kwenye kona wamepanga vijisponji ili usikate njia. Mpaka raundi ya 9 niko vizuri. Ya 10 macho yakaanza kuona nyota. Ya 12 nikapiga sponji, paf, la pili, paf, kama mtu anayevuna. Ya 15 nikamalizia nguvu zote, nikainuka nikanyoosha mkono juu kushangilia, nasikia kocha anapiga kelele, bado mojaaa! Hiyo moja jamani. Sitaki kuizungumzia. Dakika 5 na sekunde 31, mkono mmoja ukiwa bado unashuka.

Na usiniambie habari za Ashton Lambie. Huyo Mmarekani mwaka 2021 ndo mtu wa kwanza kumaliza kilometa 4 hizi chini ya dakika 4, 3:59.930, na ana masharubu kayasokota kama pembe za beberu. Nilikuwa nina kisingizio kizuri kabisa kwamba ndevu zangu zinashika upepo. Kaniharibia. Nimezinyoa ndevu, nimenyoa na miguu, shemeji yangu alivyoniona na kaptula akauliza kama naumwa.

Nyumbani nako nina zile rola za kufanyia mazoezi ndani, unapanda baiskeli juu yake inazunguka bila kwenda. Zinanguruma. Jirani wa chini alipanda saa 4 usiku, mpole tu, kauliza, samahani baba, hivi mmefungua mashine ya kusaga? Nikamwambia hapana mzee, nafanya mazoezi ya mashindano ya taifa. Akatazama nyuma yangu kama kuna mwanamichezo amejificha chumbani. Na hizo rola ndo zimenipa jipu nisiloweza kumwonyesha mtu, la pale siti inapokutana na binadamu, ndo maana nimesimama. Daktari akasema pumzika wiki 2. Nikamwambia nina wiki 3. Akasema basi hesabu yako inakubali.

Leo asubuhi nikasema ngoja niijaribu nguo, nisije nikaaibika siku yenyewe. Kuingia dakika 20, mguu mmoja mmoja, unavuta pumzi, unarukaruka, zipu nilipandisha kwa kufunga kamba nikavuta kwa juu, nikajiona mjanja. Kamba imekatika. Nina saa 2 humu ndani, na haja nayo imeanza kubisha hodi.

Ngojeni, nasikia funguo. Ni mama watoto. Kaingia, kaweka mzigo chini, kaniangalia kuanzia kwenye miguu iliyonyolewa mpaka kwenye kitasa kilicholegea, hajasema neno. Nimemwambia mke wangu naomba nishushie zipu. Katoa simu kwanza, anatafuta kamera.