Matairi ya Japan yaliyotumika au mapya ya bei poa: gari la familia livae yapi?

Kuna ubishi Kampala hauishi, uko gereji, uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, hata nje ya kanisa watu wakisubiriana utausikia. Mwenye Premio au Wish ya familia matairi yamebaki kipara, sasa anunue ya Japan yaliyotumika au mapya ya China ambayo bei iko juu zaidi? Huyu anaapa Bridgestone ya mtumba inaizidi mpya isiyojulikana jina, yule anasema mtumba ni kubebea watoto juu ya bomu. Mi naegemea upande wa mapya, ila sababu yangu sio ile inayosemwa sana, na wale wa mtumba wana hoja ambazo watu wanazidharau bure.

Tuanze na hoja zao. Matairi yanatoka Japan na kashata nyingi, yaani ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara, sio kwa bahati, kule gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3 alafu kila miaka 2, kwa iyo mwenyewe anavua matairi mapema kuliko sisi ambao tunasubiri mpaka waya zichungulie. Alafu mpira wenyewe ni wa Bridgestone, Yokohama, Dunlop, kampuni zilizofanya kazi ya kushika barabara ya maji kwa miaka mingi. Upande wa pili, majaribio ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, mara nyingi yanaonyesha matairi ya bei ya chini yakichelewa kusimama kwenye lami yenye maji, na sisi mvua zetu mnazijua, dakika kumi tu barabara imegeuka mto. Na mfuko nao una maneno yake, mwezi wa pili shule zikifungua ukimwambia mzazi anunue manne mapya kwa mpigo atakuuliza ada ulipe wewe?

Sasa pale hoja inapoanza kuvuja ni umri. Gari tukinunua tunauliza la mwaka gani, na tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 kwenda juu, lakini tairi tunaliangalia uso tu. Nenda Kisekka au Katwe, kwenye maduka ya spea hapa Kampala, uone, tairi limeoshwa, limepakwa ule weusi linang'aa kama kiatu cha askari, muuzaji anakuchomekea kucha kwenye kashata, "boss, hii haijatembea." Kweli huenda haijatembea, ila mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Mwambie aligeuze, tafuta maandishi ya DOT, mwishoni kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande huo namba haipo angalia wa pili, wakati mwingine imeandikwa upande mmoja tu, na kama imekwaruzwa we rudisha hela mfukoni uondoke. Kampuni nyingi za magari zinasema miaka 6 inatosha, Michelin wao wanasema mwisho kabisa ni 10 hata kama kashata zipo. Alafu washa tochi ya simu umulike ndani, ndani ndiko kwenye ukweli, utaona viraka, utaona kama tairi liliwahi kutembea bila upepo maana ule mpira wa ndani unakuwa umesagika unatoa unga mweusi ukipitisha kidole. Pembeni nako pitisha kiganja, nundu ikiwepo ujue nyuzi zimekatika ndani, hilo hakuna fundi wa pancha anayeliponya.

Halafu kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wengine hawausemi. Japan ina theluji, na matairi ya theluji yanakuja humo humo kwenye rundo, yameandikwa STUDLESS ubavuni, kashata zimejaa vijikato vyembamba vingi vingi, mpira laini hadi raha. Mtu anaona kashata nene anafurahi. Mpira ule umetengenezwa kwa baridi, kwenye lami ya jua la Soroti au Gulu unaisha haraka na gari kwenye kona linakuwa kama linaelea, na ulilipa bei ile ile.

Haya, mapya nayo sio malaika. Neno "mpya" dukani maana yake halijawahi kuvaliwa, sio kwamba limetengenezwa juzi, unaweza kukuta tairi jipya lina miaka minne limepangwa nje ya duka linaota jua na vumbi la barabarani. Kwa iyo namba za DOT usome huko pia, usione haya, karatasi ya plastiki iliyozungushiwa haizuii mpira kuzeeka. Na kama nilivyosema, kwenye maji, mengine yanateleza. Wanaosema "bora jipya lolote" wanarahisisha mno.

Kilichonipeleka upande wa mapya ni hesabu. Tairi jipya la gari dogo kwa kawaida lina kina cha kama milimita 8, na likifika 1.6 limekwisha, ndo kile kipimo cha vile vituta vidogo ndani ya mifereji. Maana yake unanunua milimita 6.4 za kutumia. Mtumba wenye milimita 4 kwa macho unaonekana nusu, ila ukitoa ile 1.6 unabaki na 2.4, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya maisha ya tairi. Sasa wewe muuzaji anakuuzia kwa bei gani? Tuseme la mtumba laki moja na nusu na jipya laki mbili na nusu, ni mfano tu, bei zinabadilika na dola. Umelipa asilimia 60 ya bei ukapata asilimia 38 ya kilomita, na katikati hapo utavua na kufunga upya na kulipa balansi mara nyingine. Ila ni kweli kwamba kwa manne tofauti ni laki nne, na laki nne za leo ni leo, huwezi kumwambia mtu asiyenazo kwamba atazirudisha kwa kilomita. Gari la kutoka Ntinda kwenda shule na sokoni, mwendo wa foleni, mtumba wenye miaka mitatu uliokaguliwa ndani sioni ubaya wake hata kidogo.

Gari la safari ndo silikubali. Desemba ukoo mzima unapanda Noah, watu saba na mizigo, ikipita Masaka kwenda Kabale mwendo wa 100 masaa mawili bila kupumzika, kurudi wanarudi na ndizi na viazi. Hapo tairi linapata moto, na la mtumba hujui lilibeba nini kabla yako. Angalia namba ya uzito, tairi la saizi 195/65R15 lililoandikwa 91 mbele yake inabeba kilo 615 kila moja ikiwa na upepo kamili, upepo ukipungua na hizo kilo zinapungua, tairi linajikunja-kunja, moto unapanda, kashata linabanduka. Na hapa ndo wote wa pande mbili wanakosea pamoja, wanabishana miezi alafu hakuna anayepima upepo. Fungua mlango wa dereva kuna kibandiko, kitakwambia tuseme 230 kPa, hiyo ni kama psi 33 kwa mashine ya upepo ya petroli stesheni, sio "niweke ngapi mzee?" "weka za kawaida." Pima asubuhi gari likiwa baridi, likishatembea upepo unapanda wenyewe na ukiupunguza saa hiyo unajiibia. Tairi likiisha pembeni pande zote upepo ulikuwa mdogo, likiisha katikati ulizidi, upande mmoja peleka wili alaimenti kabla hujanunua chochote maana hata jipya litaliwa vile vile.

Na kama hela inatosha mapya mawili tu, mafundi wengi watakufungia mbele kwa sababu ndiko injini inakovuta. Mi ningesema nyuma. Mbele likiteleza kwenye maji gari linakataa kukata kona, unaachia mafuta linarudi, nyuma likiteleza gari linazunguka na wewe huna la kufanya. Yale ya zamani yenye nafuu peleka mbele, na lile bovu kabisa usiliite stepni.