"Huo wa Flashi, Mzee"

Ijumaa iliyopita nilishuka stendi ya Kange, hapa Tanga, baada ya magharibi, nikapanda bajaji kuelekea Chumbageni, na kabla hatujafika nusu ya njia spika iliyofungwa nyuma ya kiti changu ilianza kutoa singeli ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Ilikuwa na kinanda cha taarab kilichoharakishwa hadi kikalia kama chiriku, ngoma zikikimbizana chini yake, na sauti ya mwanamke iliyorudia neno moja tu bila kuchoka. Nikamwuliza dereva, "Mwanangu, huu wimbo wa nani?" Akapunguza sauti, akafikiri kidogo, akanijibu kwa heshima zote: "Huo wa flashi, mzee." Nikamwomba japo jina la wimbo wenyewe. Akainamia redio na kusoma kilichoandikwa pale: "Miksi ya nne."

Kijana yule hakuwa na kosa. Hasira zangu zilikwenda kwenye biashara nzima ya mikusanyiko ya muziki wa kielektroniki, yaani albamu na miksi zinazokusanya nyimbo za watu mbalimbali, biashara ambayo nimekuwa mteja wake mwaminifu tangu ujanani. Nasema muziki wa kielektroniki, wala sisemi muziki wa dansi, kwa sababu katika mji huu ukitaja dansi wazee watakuelewa kuwa unazungumzia bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na utaondoka kikaoni saa sita za usiku.

Nianze na haki ya mikusanyiko, nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shemeji yangu mmoja, baharia, aliniletea kutoka Ulaya kasha lenye CD mbili za muziki wa klabu, nyimbo arobaini kwa jumla, na kasha hilo ndilo lililonifundisha kila nilichokijua kwa miaka mitano iliyofuata. Mtu anayeishi mahali pasipo na duka la santuri hawezi kununua nyimbo arobaini mojamoja, na hata angekuwa na fedha asingejua aanzie wapi. Mkusanyiko mzuri ni kazi ya mtu aliyesimama mbele ya wachezaji usiku baada ya usiku, akajua wimbo upi huwainua na upi huwarudisha vitini, kisha akakupangia kwa mfuatano wenye maana. Mfululizo wa mikusanyiko uitwao DJ-Kicks, ulioanzishwa Berlin mwaka 1995, ulijengwa juu ya wazo hilohilo: mpe DJ mmoja nafasi, mwache aonyeshe anachokipenda, na jina lake liwe juu ya jalada ili tumjue wa kumsifu na wa kumlaumu.

Nitakiri pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba wakati mwingine mkusanyiko umefanya kazi ambayo nyimbo zenyewe, kila mmoja kwa nafsi yake, hazingeweza. Mwaka 1988 Mwingereza Neil Rushton alikusanya muziki wa vijana Weusi wa Detroit ili utolewe Uingereza, na albamu ile nusura iitwe muziki wa "house" wa Detroit, kana kwamba ni tawi tu la Chicago ilikozaliwa house, mpaka wimbo wa Juan Atkins ulipowafanya wabadili mawazo na kuandika "Techno" juu ya jalada. Aina nzima ya muziki ikajulikana duniani kwa jina lililokuwa kwenye mkusanyiko.

Kuhusu nyimbo kukatwa, nitasema machache, maana jambo lenyewe ni hesabu tu. CD ya kawaida hubeba dakika 74. Ukiisheheni nyimbo ishirini, kila wimbo unabakiwa na dakika tatu na sekunde arobaini hivi, ilhali wimbo wa klabu uliotengenezwa kwa ajili ya santuri ya inchi 12 mara nyingi hufika dakika saba au nane, na dakika zile za mwanzo zenye ngoma tupu, ambazo mtunga miksi huzifyeka kwanza, ndizo zinazokuandaa. Mpenzi yeyote wa taarab atanielewa: hebu fikiria umeshika noti yako, umenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, na kabla hujafika jukwaani wanaanza wimbo mwingine. Mikusanyiko ya "bora za mwaka" inayorudia wimbo uleule chini ya majalada manne tofauti siitolei hata jasho.

Nisichoweza kukivumilia ni kufutwa kwa majina.

Mwimbaji wa taarab, hata ukimnyang'anya jina, sauti yake itamtaja. Mtu wa Ngamiani aliyekua na nyimbo za vikundi vya Black Star na Lucky Star hahitaji kuonyeshwa jalada ili amtambue Shakila. Mstari mmoja unamtosha. Prodyuza wa muziki wa kielektroniki hana sauti ya kumtetea. Haimbi, hapigwi picha, hasimami jukwaani na kanzu iliyonyooshwa. Amejifungia chumbani na kompyuta iliyochoka, feni ikimpulizia joto, na kitu pekee kinachomuunganisha na ile biti baada ya kuondoka chumbani mwake ni maandishi madogo: jina lake, na jina la wimbo. Ukiyafuta hayo hukumpunguzia sifa tu, umemfuta yeye mwenyewe, kwa sababu mirabaha haiwezi kumfikia mtu asiyeandikwa popote, na mwenye ukumbi anayetaka kumwalika hana pa kumtafutia. Halafu tunashangaa kwamba vijana hodari wanaacha muziki na kwenda kuendesha bajaji, ambamo huenda wanasikiliza biti zao wenyewe kwa jina la Miksi ya Nne.

Wapo watakaonijibu kuwa huo ndio utamaduni wa mtaani, na kwamba singeli yenyewe, tangu ilipozaliwa Manzese na Tandale, imejilisha kwa vipande vya taarab ambavyo hakuna aliyewaomba wenyewe ruhusa. Ni kweli, na inanichoma kuikubali hoja hiyo, hasa nikiwa mtu wa Tanga. Lakini aliyeibiwa jana hapati nafuu kwa kuibiwa mwingine leo. Tena haihitaji utajiri kufanya vizuri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na kila wimbo ukaandikwa jina la aliyeutengeneza. Mwaka uliofuata Bamba Pana na Jay Mitta wakatoa albamu zao wenyewe kupitia lebo hiyohiyo. Inaniuma kwamba ilibidi watu wa Kampala ndio watuandikie majina ya vijana wetu, lakini angalau yaliandikwa, na msikilizaji aliyependa wimbo wa tatu alijua amtafute nani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Ngamiani, kwenye kibanda cha kurushia nyimbo ambacho dereva alinielekeza. Kijana wa pale alikuwa na kompyuta moja na foleni ya watu sita, na singeli yangu aliitambua kwa sekunde mbili tu nilipomwigia kile kinanda, jambo lililonifurahisha kuliko nitakavyokiri mbele ya mke wangu. Nikamwambia anirushie nyimbo thelathini za aina hiyo, lakini kila mmoja uwe na jina la mwenyewe, na nitamwongezea fedha kwa usumbufu. Akanitazama kama niliyemwomba aandike wosia. "Majina yote, mzee?" Yote, nikasema. Akaguna, akapokea fedha, akaninyooshea kiti, akaandika kwa vidole viwili huku wa nyuma yangu wakivuta pumzi kwa sauti.

Nilipofika nyumbani nikachomeka flashi. Ndani yake kulikuwa na faili moja refu la dakika 61, lisilo na pengo hata moja, na jina lake lilikuwa ZA MZEE WA MAJINA.