Sauti ya ripota inapotaja "Iringa" mwishoni

Kuna kitu kimekaa kichwani kwangu zaidi ya miaka ishirini sasa na wala sio sura ya mtangazaji wala habari yenyewe, ni yale maneno machache ya mwisho ripota akimaliza stori yake, anataja jina lake, anataja kituo, halafu anataja mji. Ukisikia "Mbeya" au "Njombe" au "Iringa" pale mwishoni sebule nzima inashtuka, mtu aliyekuwa anakula anaacha tonge hewani, mtoto aliyesinzia anatikiswa, "we amka, Iringa hiyo!", hata kama habari ilikuwa ya kisima tu kijiji fulani huko Kilolo.

Sisi tumekulia Mafinga, mkoani Iringa. TV ilikuwa ya mzee mmoja jirani aliyekuwa anafanya biashara ya mbao, antena ameifunga juu kabisa ya mlingoti uliokatwa matawi, na kazi ya kuizungusha ilikuwa ya watoto kwa zamu. Baridi ya Julai ya Mafinga mnaijua wenyewe. Wewe uko nje mikono imekufa ganzi, ndani wanapiga kelele "hapo hapoo! umepitiliza, rudisha kidogo!", chenga zinapungua, sura inatokea, ndio unaruhusiwa kuingia ukae chini kwenye mkeka. Saa mbili kamili usiku ule muziki wa taarifa ya habari ukipigwa ni kimya, hakuna anayefungua mdomo mpaka ifike michezo.

Matangazo ya vipindi nayo tuliyashika kama tunavyoshika mashairi ya darasani. Mimi nilipenda Kipima Joto cha ITV, kwa sababu lile swali la wiki lilikuwa linarushwa siku kadhaa kabla, ndiyo, hapana au sijui, basi mpaka kipindi chenyewe kifike Ijumaa wazee wameshagombana nalo kwenye ulanzi, akina mama wameshagombana nalo sokoni, na sisi tumeshachagua upande shuleni bila hata kuelewa swali vizuri. Tangazo la sekunde chache lilikuwa linafanya kazi ya mkutano wa kijiji. Ze Comedy nao walipokuja, wakiwa EATV kabla hawajahamia TBC 2008, kitu walichokuwa wanatuvunjia mbavu ni kuigiza taarifa ya habari, na uigizaji ule ulinoga kwa sababu kila nyumba ilikuwa inaijua taarifa ya habari kwa moyo, jinsi mtu anavyokaa, anavyopanga karatasi, anavyomkaribisha ripota wa mkoani.

Ripota wa mkoani ndiye ninayetaka kumsemea leo.

Kwa wasiojua, wengi wa hawa watu hawajawahi kuwa na mshahara wa maana. Analipwa kwa stori, stori isiporuka hewani hela hakuna. Kamera mara nyingi anaishika mwenyewe, anahoji mwenyewe, anapanda bodaboda mwenyewe mpaka kijiji ambacho hata basi halifiki, na zamani kabla intaneti haijachangamka kanda ilikuwa inapewa kondakta wa basi iende Dar usiku kucha ili kesho yake nyie muone dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu! Halafu mwishoni anataja jina na mji, basi. Ile sentensi ya mwisho ndiyo ilikuwa inatuambia kwamba kuna mtu mwenye kamera anaishi huku kwetu, ananunua viazi soko lilelile, akiona kitu atakisema.

Iringa tulikuwa na Daudi Mwangosi wa Channel Ten, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012 alikwenda Nyololo, Mufindi, kuripoti shughuli ya CHADEMA kufungua tawi, kipindi kilekile cha sensa ambapo polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko. Hakurudi. Aliuawa palepale, amezungukwa na askari, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu, na picha zilizopigwa na wenzake ndizo zilizofanya nchi nzima ijue kilichotokea. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Umoja wa klabu za waandishi ukaanzisha tuzo kwa jina lake.

Wiki ile nyumbani hakuna aliyegusa rimoti. Baba mdogo, mtu ambaye sijawahi kumuona akilia, alikaa anaangalia habari huku amejifunika blanketi mpaka mabegani, Iringa ikitajwa na kila kituo, na hakuna aliyeshangilia. Tulizoea mji wetu kuja mwishoni mwa habari, baada ya jina la ripota. Siku zile jina la ripota ndilo lililokuwa habari.

Mwaka uliofuata dijitali ikatukuta, Dar walianza Desemba 2012 na Mbeya mitambo ya analojia ikazimwa 2013, antena zikabaki juu ya milingoti zimekaliwa na kunguru na kila mtu anatafuta king'amuzi. Kuna raha zilikuja nazo, sikatai. Msimu wa 2013/14 Mbeya City wamepanda tu Ligi Kuu wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, na ndio msimu ligi ilianza kuonekana Azam TV, asee kuona uwanja wa Sokoine umejaa zambarau, rangi ya Mbeya City, kwenye kioo, milima nyuma yake, na lile tangazo la mechi linatajwa Mbeya siku nne mfululizo, watu wa Mwanjelwa pale Mbeya walikuwa wanatembea kifua mbele.

Ila mpira ni mpira. Habari zetu zimekuwa chache na nyingi zinanuka damu. Kitonga lori limeanguka, Mlima Nyoka breki zimefeli, Changarawe pale Mafinga Machi 2015 basi na lori la kontena wakafa watu zaidi ya arobaini. Lazima ziripotiwe, nakubali kabisa, lakini mtu wa Lindi anayetujua kwa TV peke yake atadhani huku tunazaliwa, tunapanda basi, tunakufa. Mwaka wakulima wa viazi wanapolazimishwa kuuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na kukosa bei, nani anakaa nao siku nzima na kamera? TV za mtandaoni zipo, vijana wanajitahidi na nawaheshimu, ila wengi wanabanwa na vichwa vya habari vya kushtua, na kazi ya kwenda Makete siku mbili kwa ajili ya dakika nne haina anayeilipia. Vituo vikubwa vina uwezo wa kuilipia. Wampe ripota wa mkoani mshahara na wampe dakika nne, sio moja na nusu.

Na kanda za zamani ziko wapi? Kanda zilikuwa ghali, zikawa zinarekodiwa juu yake tena na tena, leo habari za mikoani za miaka ya tisini na elfu mbili ukizitafuta unapata vipande. Uzinduzi wa barabara, mgomo wa chai, kwaya, wazee wetu wanahojiwa wakiwa bado na meno yote, vimefutwa na habari ya wiki iliyofuata. Kinachoniuma sana ni hiki.

Baba mdogo alikuwa na deki ya video, na alikuwa na tabia ya kurekodi taarifa ya habari kila Iringa ikitajwa, wengine walikuwa wanamuona anaharibu umeme. Deki ilishakufa zamani. Kanda zimebaki nne, mbili zimeota ukungu pembeni. Nimempata fundi Mwanjelwa ambaye bado ana mashine inayozisoma na kuziingiza kwenye flashi, ameniambia hizo zenye ukungu atazisafisha kwanza kwa mkono, taratibu. Jumamosi napanda basi la asubuhi, mama mdogo ameshazifunga kwenye kanga zisigongane, na amesema nizipakate, nisiziweke kwenye buti.