Alien: Romulus imebebwa na miili, sura ya kompyuta ndo imeiangusha

Wadau wa Alien, zile muvi za madude ya angani yanayoua watu, tumegawanyika tangu Romulus itoke Agosti 2024, na mpaka leo ukiitaja mbele ya watu wawili walioiona umeshaanzisha kesi. Kuna wanaosema ni bonge la muvi, imerudisha heshima baada ya Ridley Scott, aliyeongoza ile ya kwanza, kutuzungusha na falsafa zake kwenye Prometheus na Covenant. Kuna wanaosema ni kopi tupu, mwongozaji Fede Álvarez kachukua kipande cha ile ya kwanza ya 1979, kipande cha ile ya James Cameron ya 1986, kamalizia na ile ya 1997 ambayo hata haikupendwa sana, kavichanganya katuuzia upya. Na kuna wale walioenda nayo vizuri kabisa mpaka lile toto la mwisho lilipotokea, hapo wakaanza kucheka.

Mi naona habari ya kopi tunaipa uzito wa bure. Muvi za namna hii tunazifuata kwa sababu tunajua kitakachotokea, tunajua yai litafunguka na kuna mjinga mmoja atasogeza uso karibu. Ninachoangalia mimi ni kimoja tu, kile kitu kilicho mbele ya mwigizaji kipo au hakipo. Romulus ikiwa na kitu kinachoshikika inatisha kuliko yoyote tuliyopewa kwa miaka mingi, na pale ilipoleta sura ya kompyuta imejiangusha yenyewe. Kama hujaiona ishia hapa, natoboa kila kitu.

Stori kwa ufupi. Mwaka ni 2142, miaka 20 baada ya ile meli ya kina Ripley, yule dada shujaa wa ile ya 1979, kulipuka. Rain (Cailee Spaeny) ni yatima kwenye koloni la wachimba madini ambako jua halifiki, anaishi na Andy, roboti ambaye marehemu baba yake alimwokota kwenye takataka akamtengeneza, kwa hiyo ni kama kaka. Siku anaenda ofisini, masaa ya mkataba yametimia, anaomba kibali cha kuondoka, na yule mama wa kaunta anabonyezabonyeza halafu anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kiwango kimepandishwa, sasa ni masaa 24,000, kwa hiyo bado miaka mitano sita hivi, na kuanzia sasa umehamishiwa mgodini, kampuni inakushukuru. Yeyote mwenye dada au shangazi aliyeenda kazi za ndani Uarabuni akashikiwa pasi na mwajiri wake haitaji kuelezewa hiyo sini. Wanaolalamika kwamba muvi inachelewa kuanza sijui walitaka nini, maana bila ile kaunta hakuna sababu ya vijana wadogo vile kwenda kuiba vitanda vya usingizi kwenye kituo kilichotelekezwa angani ili walale miaka tisa waamke kwenye sayari yenye jua.

Haya, wanafika humo ndani wanamkuta Rook. Roboti nusu mtu, kiwiliwili kimekatika, yuko sakafuni anaongea, na sura ni ya Ian Holm, yule aliyecheza Ash kwenye ile ya 1979. Shida ni kwamba Ian Holm alifariki 2020. Álvarez alisema familia iliridhia, sawa, kwenye hilo sina kesi nao, ni mtu wao. Kesi yangu ni ya macho. Setini palikuwa na mdoli kabisa, wa mitambo, uliotengenezwa kwa kiolezo cha kichwa cha mzee mwenyewe, na mwigizaji mwingine anaitwa Daniel Betts akatoa sauti na mikunjo ya uso. Wangeishia hapo! Wao wakapaka kompyuta juu yake, na matokeo yake mdomo unaenda kivyake, mashavu kivyake, macho hayana mwenyewe. Kila Rook akirudi kwenye skrini woga unakatika, unajikuta unakagua mdomo badala ya kusikiliza anasema nini, na anachosema ndo kina uzito maana yeye ndo kampuni yenyewe inaongea.

Wanaomtetea wana hoja moja, eti ni roboti aliyeharibika, lazima aonekane wa ajabu. Hapana bwana. Rudi uangalie Ash 1979, kichwa kimeng'oka kipo mezani, maji meupe kama maziwa yanamtoka mdomoni, anawapa pole watu anaojua watakufa na anatabasamu kabisa. Kuna sehemu ni mdoli unauona wazi, lakini kwenye kuongea ni Ian Holm mwenyewe kaingiza kichwa kwenye tundu la meza, na lile tabasamu ni la mtu hai. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado linakaa tumboni. Na wenyewe wahusika wanajua walikosea, kwa sababu ilipotoka ya kuangalia nyumbani walimrekebisha Rook, wakapunguza kompyuta wakauacha mdoli uonekane zaidi, na kweli ana nafuu, japo hajapona.

Sasa mweke pembeni yake Andy. Aisee David Jonsson! Mwanzoni mabega yameshuka, maneno yanakwama, anatoa vichekesho vya kitoto alivyowekewa na baba yake Rain, unamuonea huruma. Wanamchomeka chipu ya Rook ili aweze kufungua milango, na palepale shingo inanyooka, kigugumizi kimeisha, anaanza kukuangalia kama anakupigia hesabu. Hapo huoni kompyuta usoni kwake, ni yule yule jamaa na nguo zile zile. Halafu inakuja sini ya Kay, mmoja wa wale vijana. Kay yuko upande wa pili wa kioo, ana mimba, anagonga mlango analia, Tyler kaka yake anamwomba Andy afungue, na Andy anakataa kwa utulivu kabisa maana lile dude liko karibu na mlango ukifunguka wanakufa wote. Na hesabu yake ni sahihi! Ndo kinachouma. Mapema tulishaambiwa kwa nini Bjorn, mwenzao mwingine, anawachukia roboti, mmoja aliwahi kufunga mlango mgodini ili kuokoa wengi na waliobaki upande wa pili wakafa akiwemo mama yake Bjorn, kwa hiyo ukimwona Andy amesimama pale kwenye kioo unajua umeiona stori ya Bjorn kwa macho yako. Jonsson alipokuja kupewa tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA, ya chipukizi 2025 mi sikushangaa hata kidogo.

Kitu pekee walichomkosea Andy ni kumlazimisha arudie lile tusi maarufu la Ripley la kumfukuza dude kwenye ile ya 1986. Ukumbini najua watu walipiga makofi, haya, lakini hebu piga hesabu, stori hii iko 2142 na Ripley anakuja kulitamka 2179. Andy kalisikia wapi? Hiyo ndo kopi ninayoikataa mimi, ile ya kumkonyeza mtazamaji.

Tuje kwa lile toto. Kay anajidunga ile dawa ya kampuni iliyotengenezwa kutoka kwa haya madude, anajifungua kitu kama yai, na ndani ya dakika chache limeshakuwa jitu refu jeupe lenye uso unaofanana na wale majitu wa Prometheus, linatabasamu. Najua wengi mlicheka. Ila mjue lile ni mtu, anaitwa Robert Bobroczkyi, Mromania aliyewahi kucheza kikapu, ana urefu wa mita 2.31, wamemvalisha na kumpaka. Ukimwangalia anavyoinama kupita na vile vidole, unaona uzito wa mwili, unaona mifupa inafanya kazi, na mimi nikiangalia ile shingo inageuka taratibu kumtafuta Rain sicheki.

Na hapo Álvarez karudi kwenye asili kabisa ya haya mambo, kuliko pale alipomfufua Ian Holm. Maana dude la 1979, lile lililochorwa na msanii H.R. Giger, ndani yake alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa ubunifu aliyekuwa London, mita 2.08, mwembamba, miguu mirefu mpaka ukimwona akijikunja huwezi kuamini kama mle ndani kuna binadamu. Alipatikana baa tu, hakuwa mwigizaji, akacheza hiyo moja basi, akafariki 1992 kwa ugonjwa wa selimundu. Dude wanalotutisha nalo kwenye fulana na mabango mpaka leo ni mwili wake yule, na nusu ya wanaobishana kuhusu hizi muvi hata jina lake hawalijui, hilo linanikera kuliko Rook.

Sini bora ya muvi nzima kwangu ni ile ya joto. Vile vidude vinavyorukia uso vimejaa chumbani na vinaona kwa joto la mwili, kwa hiyo wanapandisha joto la chumba mpaka lilingane na la binadamu halafu wanapita katikati yake polepole, na masharti ni usiogope, maana ukiogopa mwili unapanda joto na jasho linakutoka, wameshakuona. Kwamba woga wenyewe ndo unakuua! Ile ya damu ya madude, ambayo ni tindikali, kuelea hewani baada ya Rain kuzima mvutano ni nzuri pia, ya kijanja, lakini unaiona ukashangilia ikaisha. Ya joto unaitembea na wewe umebana pumzi.

Bajeti ilikuwa kama dola milioni 80 na imeingiza takriban milioni 350, kitu ambacho mwanzoni kilipangwa kiende moja kwa moja kwenye majukwaa ya mtandaoni bila kugusa kumbi. Kwa hiyo itafuata nyingine tu, tupende tusipende. Mi nimeipa 7 kati ya 10, nimekata mbili za Rook na moja ya lile tusi, na anayetaka kunibishia kuhusu toto aje, ila awe ameiangalia kwenye skrini kubwa kidogo, asije na hoja za simu.