Kati ya Mswisi na Mholanzi, nani kajenga pabaya?

Waridi lililokatwa leo Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kesho huenda likateremshwa Schiphol, uwanja wa ndege ulio kama mita tatu chini ya usawa huo. Pale palikuwa ziwa, Haarlemmermeer, lililokaushwa kwa pampu za mvuke hadi mwaka 1852. Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza kama Waholanzi hawaogopi kulala chini ya bahari. Mtajie Uswisi, atakwambia hao ndio waliojaliwa pa kukaa, juu milimani, bahari wanaisikia redioni. Hukumu hiyo mimi nina mashaka nayo.

Kwanza nchi hizi zinalinganika. Kila moja ina eneo la kilomita za mraba 41,000 na ushei, na zote zinategemea mto Rhine. Mto huo huanzia milima ya Alps, jimbo la Graubünden, ukapita Basel, ukaikata Ujerumani na kuingia Uholanzi, ambako hugawanyika matawi kabla ya kumwaga baharini. Mmoja anakaa kichwani mwa mto, mwingine mkiani.

Hali ya hewa ndiyo isiyofanana hata kidogo. Uholanzi ni tambarare iliyolala kando ya bahari, na bahari haipendi makuu: Januari wastani ni nyuzi 4 hivi, Julai 18, mvua milimita 850 kwa mwaka zikigawanywa miezi yote bila masika wala kiangazi cha kueleweka. Koti ulilovaa Rotterdam litakufaa Groningen. Uswisi, bonde na bonde ni nchi mbili. Lugano, kusini mwa Alps, kuna mitende kando ya ziwa. La Brévine, kijiji kilicho kwenye bakuli la milima ya Jura ambako baridi hutuama, kilipimwa nyuzi 41.8 chini ya sifuri mwezi Januari 1987. Kilele cha Säntis hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua na theluji kwa mwaka, ilhali Sion, katika bonde la Valais lililozibwa na milima pande zote, hupata kama 600 tu. Ndiyo maana wakulima wa Valais walichonga mifereji kwenye majabali tangu enzi za kati kuleta maji ya barafu mashambani. Mchaga akiiona ataiita mifongo bila kuuliza.

Sasa hatari. Anayesema Uholanzi ndiyo iliyo pabaya ana hoja nzito. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilivunja kuta za bahari kusini-magharibi na watu 1,836 wakafa. Kuna na jambo baya zaidi, halionekani kwenye picha. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi ni udongo wa mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Ukiukausha ulime, hewa inauingia, unaoza na kunywea, ardhi inazama. Ikizama, inabidi upige pampu zaidi, na ukipiga zaidi inazama tena. Mholanzi anashindana na bahari inayopanda huku sakafu yake mwenyewe ikishuka.

Lakini tazama alivyojipanga. Tangu karne ya 13 ana halmashauri za maji, ambazo leo ni 21, zinazochaguliwa kwa kura na kutoza kodi zake zenyewe, mbali na serikali. Baada ya 1953 alijenga mfululizo wa mabwawa na malango uliomalizika mwaka 1997 kwa lango la Maeslantkering karibu na Rotterdam, mbawa mbili za urefu wa mita 210 kila moja, ambazo kompyuta huzifunga bahari ikifura. Mwaka 1995, mito ilipofurika, watu kama 250,000 walihamishwa, kisha nchi ikabadili fikra: badala ya kuinua kuta kila mwaka, ikarudisha baadhi ya mashamba kwa mito ipate pa kutanukia. Adui yake ni mkubwa, ila anatokea upande unaojulikana.

Mswisi hana bahati hiyo. Kila mteremko ni mlango. Mwaka 1806 mlima uliporomokea kijiji cha Goldau ukaua watu 457. Naye alijifunza. Sheria ya misitu ya mwaka 1876 ilizuia kufyeka miti ya milimani kwa sababu msitu ndio uzio wa kwanza dhidi ya theluji na mawe, na Davos kuna taasisi ambayo kazi yake ni kuisoma theluji kabla haijaporomoka. Huwezi, hata hivyo, kujengea ukuta kila mlima.

Kiangazi cha 2003 ndicho kinachonifanya nisikubali hukumu ya haraka. Joto lilifika nyuzi 41.5 Grono, Uswisi, tarehe 11 Agosti. Juu Alps, nyufa za miamba zimeshikwa na barafu ya kudumu kama tofali na saruji. Saruji hiyo ilipoyeyuka, mawe yaliporomoka kwenye mlima Matterhorn na wapandaji wakaokolewa kwa helikopta. Mwezi huo huo wa Agosti, Uholanzi, ukuta wa mfereji katika kijiji cha Wilnis uliteleza, maji yakaingia mitaani. Haukuvunjwa na dhoruba. Ulikuwa umejengwa kwa ule udongo wa mimea, ukakauka mno kwa jua hadi ukawa mwepesi, maji ya mfereji yakausukuma pembeni. Mafuriko katikati ya ukame! Joto lile lile lilimvua mmoja saruji na mwingine uzito.

Nikilazimishwa kuchagua, kwa miaka hamsini ijayo ningekaa Uholanzi. Kwa miaka mia tatu sina ujasiri huo, maana lango lina kimo chake na bahari haina. Uswisi nayo inapoteza akiba yake kwa kasi ya kutisha: mwaka 2022 na 2023 peke yake barafu yake ilipungua kwa asilimia 10. Hasara hiyo haiishii juu. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya maji ya Rhine hutoka Alps. Mto ukikonda, meli za mizigo hupakia nusu au chini ya hapo, kama ilivyokuwa 2018 na 2022, na chumvi ya bahari hupenya mitoni hadi kwenye maji ya mashamba ya Uholanzi. Kwa hiyo Mholanzi anaweza kuifungia bahari lango na bado akadaiwa na mlima ulio mamia ya kilomita kutoka kwake.

Tarehe 28 Mei 2025 barafu na mawe vilikifunika karibu kijiji chote cha Blatten, Valais. Wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, mtu mmoja alifariki. Walipotaka kukijenga upya, baadhi ya Waswisi wenzao wa mijini waliuliza kama kila bonde la juu linastahili gharama hiyo. Wakati huohuo Waholanzi wanabishana kuhusu mpango wa kujenga maelfu ya nyumba Zuidplaspolder, eneo lenye sehemu iliyo chini zaidi nchini mwao, karibu mita 6.8 chini ya usawa wa bahari. Watu wa Blatten wanadai kurudi kwao, na hilo nalielewa. Nisilolielewa ni mtu kuhamia shimoni kwa hiari, tena kwa mkopo wa nyumba wa miaka thelathini.